Ramani Nyekundu ya Nagsuro

Katika daftari la mahudhurio la Mwalimu Purita Buenaobra, majina ya ukoo ya watoto wote yalianza na R. Redoblado, Rellama, Rebusi, Roperez, Rañeses. Wahispania walipogawa majina zama zile, kila mji wa Bikol, mkoa wetu huku Ufilipino, ulipewa herufi yake, nasi tukapewa hiyo. Mtu akitaja jina lake sokoni, unajua ametoka upande gani wa mlima. Mwalimu mwenyewe alikuwa B. Alikuja kitongojini Nagsuro na begi moja, barua ya uhamisho, na tufe la dunia lililobonyea kwenye ncha ya kusini. Miaka saba baadaye wanawake wanaosuka ndala za nyuzi za abaka, mmea unaofanana na mgomba, bado walimwita "Mwalimu B" akiwa hayupo. Akiwapo walimwita Mwalimu tu, na kumsogezea kigoda.

Alifundisha Maarifa ya Jamii. Asubuhi darasa la tatu hadi la sita, mchana la saba na la nane, katika chumba kilekile kilichokatwa katikati kwa kabati la vitabu. Wazazi walidhani somo hilo ni kukariri marais na mikoa. Yeye alianzia mlangoni. "Kabla hujaijua Manila," aliwaambia watoto, "mjue jirani yako anachota maji wapi." Basi watoto wakahesabu ndoo. Wakahesabu hatua kutoka kanisani hadi uwanja wa mpira wa kikapu. Wakawauliza wazee ni nani aliyepanda mnazi upi, wakarudi na majibu yanayogombana, naye akayaandika yote ubaoni bila kufuta hata moja. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na chumba cha kupanga kwa Bibi Ibyang Rañeses, mjane wa miaka sabini na moja, na kila jioni wawili hao walikula wali na majani ya magimbi yaliyopikwa kwa nazi, yenye pilipili ya kutoa machozi, wakisikiliza redio.

Kila mwaka darasa la nne lilichora ramani ya Nagsuro. Mwaka huo wilaya ilitangaza mashindano: kila shule ichore ramani ya hatari za mahali pake. Mwalimu Purita alibandika ukutani karatasi nne za manila zilizogundishwa, akachora kwa penseli korongo, njia, kanisa, shule, na nyumba arobaini na nne.

"Nendeni mkaulize nyumbani na kwa majirani," alisema. "Siku ile ya tope, tope liliingia ndani? Lilifika wapi? Kifundo cha mguu, goti, dirisha? Nyumba iliyoingiwa, ipakeni nyekundu. Isiyoingiwa, iacheni nyeupe."

Siku ya tope ilikuwa imepita miaka tisa. Mlima wetu ulikuwa umetema majivu mwezi mzima, kisha kikaja kimbunga, na mvua ikayashusha majivu yote pamoja na mawe makubwa kama nyati. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Tope lilifuata korongo, likapanda ukingo, likachukua watu tisa. Mmoja wao alikuwa mama yake Jonalyn Redoblado, aliyekuwa sasa darasa la nne. Siku hiyo Jonalyn alikuwa na mwaka mmoja, na baba yake, Estoy, alimbeba kichwani kama kikapu.

Jumatatu watoto walirudi na majibu. Kwa Rellama, hadi gotini. Kwa Rebusi, hadi mezani. Kwa Bibi Ibyang, alisema Jonalyn, hadi dirishani. Wakapaka. Krayoni nyekundu ziliisha kabla ya nyumba, na tatu za mwisho zilipakwa kwa rangi ya mdomo ya dada Lourding wa dukani. Arobaini na nne, zote nyekundu. Mwalimu Purita alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama, akaguswa sana. Alichukua kalamu ya wino mzito akaandika chini, kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo: RAMANI HAISEMI UONGO.

Tulishinda. Ramani ilikuwa ya kwanza wilayani. Shule ilipata katoni mbili za madaftari na mpira mpya, na ofisi ya maafa ya mjini ikaomba kuitunza ramani yenyewe. Wiki nzima Mwalimu alitembea kama mtu mwenye wimbo mdomoni.

Barua ilifika Februari. Kapitan Rustico Rellama, mwenyekiti wetu, aliisoma kwa kipaza sauti pale uwanja wa mpira wa kikapu. Barua ilisema kwamba, kwa mujibu wa ramani iliyochorwa na wakazi wenyewe, Nagsuro yote ni eneo jekundu. Hakuna kujenga, hakuna kukarabati. Nyumba zote arobaini na nne zitahamishiwa Danlugan. Kabla ya hapo kutakuwa na kikao cha kuwasikiliza wakazi, Alhamisi ya wiki ijayo.

Danlugan tulipajua. Ni kilomita kumi na nane juu ya tuta, nyasi kavu na upepo, bomba moja, na hakuna hata shina moja la abaka. Sisi tunaishi kwa abaka: wanaume hupanda mteremko wa mlima kuchuna nyuzi, wanawake husuka. Ukituweka Danlugan ni kama kumweka bata juu ya dari.

Sauti ya Lourding wa dukani ilitoka nyuma. "Mwalimu, tuchoree basi na ramani ya Danlugan, tusije tukapotea njia."

Watu walicheka. Alicheka hata Mwalimu Purita, kwa sababu ndiyo desturi yetu, mtu akichomwa hucheka kwanza. Halafu akaondoka akitembea haraka, mkono kinywani.

Alimkuta Bibi Ibyang jikoni akikunja majani ya magimbi.

"Bibi, tope lilifika wapi humu ndani? Nionyeshe."

"Humu?" Bibi aliendelea kukunja. "Humu hata kuku hawakulowa miguu."

Mwalimu alishika kizingiti. "Lakini ulimwambia Jonalyn lilifika dirishani."

"Nilimwambia."

"Kwa nini, Bibi?"

"Ulitaka nimwambie nini mtoto wa Estoy? Kwamba saa ile mama yake anachukuliwa na tope, mimi nilikuwa hapa nakaanga samaki?"

"Na kina Rellama? Na kina Roperez?"

"Keti, mwanangu. Utaanguka." Bibi alifuta mikono. "Nyumba zilizoingiwa ni kumi na nne, zile za ukingoni. Thelathini hazikuguswa. Wale kumi na nne tuliwagawana, wakalala sakafuni kwetu. Hapo ulipo wewe alilala Estoy na mtoto. Wiki ile akaja mtu wa misaada na orodha yake. Mchele ni kwa walioingiwa tu. Estoy hajamzika mkewe, hajampata hata wa kumzika, akasimama mbele ya yule mtu akasema: andika nyumba zote, tope liliingia kote. Mtu yule hakuamini, akawauliza kumi na nne mmoja mmoja. Wote jibu moja. Tukala, Mwalimu. Miezi mitatu tulikula mchele wa msiba wao, sisi tuliokuwa na paa. Tangu siku hiyo hakuna mtu Nagsuro atakayefungua mdomo aseme kwake halikuingia."

Hakuna aliyemwambia. Si kwa kumficha. Ni jambo ambalo hatukuwa tunalisema hata sisi kwa sisi.

"Basi semeni sasa," alisema Mwalimu. "Alhamisi. Mbele ya mhandisi. La sivyo tunakwisha sote."

"Sema wewe," alijibu Bibi Ibyang kwa upole, akirudia majani yake. "Wewe ni B."

Kesho yake Mwalimu alitoka na darasa la sita na futi ya fundi cherehani. Walipita nyumba kwa nyumba wakipima nguzo. Za ukingoni zilikuwa na alama: mstari wa kijivu uliojikausha ndani ya mti, mahali fulani kimo cha mtoto, mahali fulani juu ya kichwa cha Mwalimu mwenyewe. Kumi na nne. Nguzo nyingine zote zilikuwa safi, zimeliwa na mchwa tu. Watoto waliona. Walikuwa darasa la sita, walijua kujumlisha na kutoa, na njiani kurudi hakuna aliyepiga mluzi wala kumsukuma mwenzake mtaroni. Mchana ule alichora ramani mpya, kumi na nne nyekundu, thelathini nyeupe, akapanda basi kwenda mjini.

Ramani ya kwanza ilikuwa ukutani katika ofisi ya maafa, ndani ya fremu ya kioo. Mhandisi Villaruz aliinuka kumpokea. Alikuwa kijana mwenye adabu, kola yake imefuliwa vizuri, na kwanza kabisa aliomba wapige picha pamoja mbele ya ramani. Mwalimu alipiga. Kisha akamweleza.

Mhandisi alisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu, watoto hawadanganyi. Na wewe mwenyewe umeandika hapa chini." Aligonga kioo kwa ukucha, taratibu, juu ya maneno yale ya wino mzito.

"Nilikosea."

"Labda. Lakini nikibadilisha kwa sababu ya nguzo, halafu mlima ukashuka, nitawaambia nini wenye maiti? Nahitaji watu. Mwenye nyumba asimame aseme: kwangu halikuingia. Sihitaji thelathini. Niletee watano, nitasimamisha uhamisho, nipime upya. Wale kumi na nne lazima waondoke, hilo hata wewe unalijua."

"Nalijua."

"Watano tu, Mwalimu."

Watano. Alirudi na neno hilo kama mtu aliyebeba yai mkononi. Kwa siku sita aligonga milango. Alianza kwa Kapitan Rustico, ambaye nyumba yake ya tofali imekaa juu kabisa, jirani na kanisa, mahali ambapo tope lingefika tu kama lingepanda ngazi.

"Mwalimu, mimi ni mwanasiasa," alisema Kapitan, akimmiminia kahawa. "Niambie niseme uongo wowote, nitasema. Huu ukweli wako ndio siuwezi."

"Wapiga kura wako watahamishwa!"

"Watahamishwa nami. Nikibaki nitamwongoza nani, mbuzi?"

Kwa Rebusi walimpa viazi vitamu na kumwambia watafikiria. Kwa dada Lourding alikuta wanawake saba wakisuka. Alipiga magoti kabisa kwenye nyuzi, akawaeleza habari za bomba la Danlugan, habari za safari ya kilomita kumi na nane kwenda kwenye abaka, akawatajia watoto wao kwa majina. Walimsikiliza. Mmoja alilia. Lourding alimpangusa vumbi magotini kama mtoto na kusema, "Inuka, Mwalimu. Hatukukasirikii. Hebu onja hizi dagaa." Na alipotoka aliwasikia nyuma yake, wakianza tena kuzungumza, polepole, mambo ya bei ya soli.

Tulimwona akikonda. Darasani aliishia katikati ya sentensi, chaki hewani. Siku moja darasa la saba lilikuwa linajifunza haki za raia, na kijana mmoja aliuliza kama raia anaweza kulazimishwa kusema ukweli. Mwalimu alitazama dirishani hadi kengele ikalia.

Jumanne alikwenda kwa Estoy Redoblado. Alikuwa amemwacha wa mwisho. Estoy alikuwa uani akianika nyuzi, nyeupe na ndefu kama nywele za ajuza, na Jonalyn akizichambua.

"Jonalyn, nenda kamletee Mwalimu maji," alisema Estoy. Mtoto alipoondoka, akasema, "Najua ulichokuja nacho. Unataka niwaambie wenzangu wa juu waseme ukweli."

"Wewe ndiye uliyeanza, kaka Estoy. Wewe ndiye wa kuwafungua. Waambie tu: nimewasamehe ule mchele, bakini nyumbani kwenu. Watakusikia."

Alianika kifungu kimoja, akakinyoosha, akaanika kingine.

"Nilikwenda," alisema. "Jumapili, baada ya misa. Nilimwambia Rebusi: jamani, nyinyi bakini. Unajua alinijibu nini? Alinijibu, Estoy, nimekukosea nini mpaka unifukuze?" Alijaribu kucheka. "Nikamwambia si kukufukuza. Akageuka akaenda zake. Mpaka leo hajanisalimu. Sasa nikizunguka nyumba thelathini, Mwalimu, nitabaki na nani?"

"Na Jonalyn? Kule atasoma wapi? Atakunywa nini?"

"Hapa ndipo mlima ulipomchukua mama yake. Mimi kwenda nakwenda." Aliangalia korongo, lililokuwa kavu, limejaa mawe na mabua. "Ningependa kwenda peke yangu. Hawataki."

Hadi Jumatano Mwalimu alikuwa na mmoja. Mzee Nanding Roperez alikubali kusimama. Tatizo ni kwamba mzee Nanding ni kiziwi na hukubali kila kitu.

Alhamisi viti vya plastiki vilipangwa uwanjani chini ya goli. Mhandisi Villaruz alikaa mezani na orodha, ramani yetu imeegemezwa nyuma yake ndani ya kioo chake. Mwalimu Purita alisimama pembeni, ile mpya imekunjwa chini ya kwapa. Alikuwa amevaa nguo yake ya sikukuu.

Mhandisi alisoma majina kwa sauti, na baada ya kila jina aliuliza swali moja.

"Rabano. Tope liliingia kwako?"

"Liliingia, bwana."

"Rañeses, Ibyang."

"Liliingia."

"Rebusi."

Rebusi aliinuka. Mwalimu alimkazia macho, midomo yake ikitamka neno bila sauti. Rebusi aliangalia viatu vyake. "Liliingia, bwana."

"Redoblado."

"Kwangu liliingia," alisema Estoy. Akageuka kuwatazama watu, kama anayetaka kuongeza. Nyuma mtu alikohoa. Estoy akaketi.

"Rellama."

Kapitan alijishika kifuani. "Hadi gotini!"

Ilikwenda hivyo kama litania ya kanisani, R baada ya R, na baada ya ishirini watu walikuwa wanajibu kabla swali halijaisha. Ilipofika zamu ya mzee Nanding, alisimama kwa heshima zote, akauliza "Eeh?" mara tatu, mkewe akamvuta shati akajibu kwa niaba yake. Liliingia.

Hapo Mwalimu Purita alitembea hadi mbele. Alifungua karatasi yake juu ya meza, na mhandisi akamshikia pembe mbili.

"Bwana, hawa watu wanasema uongo," alisema. "Wanasema uongo kwa sababu wanapendana, na mimi ndiye niliyeupaka rangi nikauleta kwako. Niadhibu mimi. Mimi ndiye mwenye kosa. Nenda ukaangalie nguzo. Anza na nyumba ninayolala. Nguzo zile ziliwekwa na marehemu mume wa Bibi Ibyang kabla hata ya barabara, na hazina alama. Tope halijawahi kuzigusa."

Mhandisi aligeuka. Hakuwa mtu mbaya; tuliona alikuwa anatafuta mlango wa kupitia. "Bibi," alisema, "mwalimu anasema nguzo zako ni safi."

Bibi Ibyang alisimama, mkono mmoja begani kwa Jonalyn.

"Niliziosha," alisema.

Mtu alicheka, kisha wengine, kisha uwanja wote, kicheko kikubwa cha ajabu kilichogonga ubao wa goli na kurudi. Kikaisha ghafla. Wanawake walikuwa wanajifuta macho kwa pindo za nguo. Mhandisi aliikunja ramani mpya vizuri, akamrudishia Mwalimu kwa mikono miwili, akatia sahihi karatasi yake.

Jioni ile hawakuwasha redio. Bibi alimpakulia wali. Mwalimu hakula.

"Umenifanya mwongo mbele ya watu, Bibi."

"Nimekufanya mwongo, ndiyo."

"Mngebaki. Nyinyi thelathini mngebaki."

"Tungebaki." Bibi alimsogezea sahani tena. "Wale kumi na nne wakifika kule peke yao, nani atawabebea maji?"

Malori yalikuja Mei. Wilaya ilifunga shule ya Nagsuro na kumwandikia Mwalimu Purita barua nzuri: kwa miaka yake ya utumishi angeweza kupangiwa shule ya mjini, jirani na nyumba ya dada yake, yenye feni darasani. Alijibu kwa mstari mmoja. Alipanda lori la mwisho, amekaa juu ya kabati la vitabu, tufe lake mapajani.

Danlugan palikuwa kama tulivyopajua. Nyumba za bati, safu nne, zimepangwa kama madawati. Wanaume walitoka kabla ya jua kwenda kwenye abaka na kurudi na giza, na baada ya miezi miwili nusu yao hawakurudi kila siku tena. Bomba lilikuwa safu ya kwanza, mbele ya chumba alichopewa Mwalimu. Lilitoa maji alfajiri, kisha uzi, kisha upepo. Watu wakachota bondeni. Mwezi wa saba mtoto mchanga wa Rebusi alikufa kwa kuhara, siku nne. Mwezi wa nane alikufa mzee Nanding. Mwalimu Purita alikwenda kwenye misiba yote miwili na kukaa nyuma kabisa, na walipomvuta mbele akakaa mbele, na hakuna aliyemwambia neno baya. Hilo ndilo lililommaliza. Tungemtukana, labda angelala usingizi. Alitembea na mkono kwenye kuta za bati kama mtu anayehesabu, na kweli alikuwa anahesabu, wawili, wawili, akisubiri wa tatu. Bibi Ibyang alikuwa kitandani kwa homa tangu wiki ya kwanza ya Septemba.

Wiki hiyo muuguzi wa wilaya alikuja darasani, hema la turubai lenye benchi sita. Alisema wamepata gari la tangi. Litakuja mara mbili kwa wiki, kwa nyumba zile tu ambazo maji ya bomba hayazifikii. Alihitaji orodha. "Au ramani," alisema, akitabasamu. "Nasikia nyinyi ni hodari wa ramani."

Mwalimu alibandika manila kwenye turubai. Alichora safu nne kwa penseli. Mkono wake ulikuwa mzito, na mistari ilitoka imepinda.

"Nyumba isiyo na maji," alisema, bila kugeuka, "ipakeni nyekundu."

Hakuwatuma kuuliza nyumbani. Aliita majina kutoka daftarini, hapohapo. Alijua jibu la kweli la kila nyumba. Bomba lilikuwa chini ya dirisha lake, na kila alfajiri aliwasikia wa safu ya kwanza wakijaza, halafu akawasikia wakisogeza ndoo zao pembeni ili wa safu ya nne wapite.

"Rabano, safu ya nne."

"Kwetu hakuna maji, Mwalimu."

"Rebusi, safu ya tatu."

"Hakuna."

"Rellama. Safu ya kwanza." Mjukuu wa Kapitan, msichana wa miaka tisa mwenye nywele zilizosukwa, alikuwa ameinuka. Ndoo yao ya njano ilikuwa imejaa asubuhi ile. Mwalimu aliiona kwa macho yake.

"Kwetu hakuna, Mwalimu."

Aliita hadi mwisho wa safu ya kwanza. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Gari moja, nyumba arobaini na nne, mara mbili kwa wiki: alipiga hesabu kichwani, ikatoka ndoo moja na robo kwa nyumba kwa siku. Kwa wale wasio nayo kabisa zingekuwa karibu mbili. Aliangalia mtaro uliopita nje ya hema, aliwaangalia watoto, na tulidhani, wale tuliokuwa tumesimama mlangoni, kwamba sasa atapiga kelele. Alikuwa na haki hiyo.

Jonalyn Redoblado alikuwa amesimama kwenye manila na krayoni. Kidole chake kilikuwa kwenye nyumba ya kwanza ya safu ya kwanza, ile yenye bomba mbele ya dirisha.

"Na kwako, Mwalimu?"

Nje mtu aliweka ndoo tupu chini ya bomba, tukasikia upepo ukitoka.

"Kwangu pia hayafiki," alisema Mwalimu Purita.

Jonalyn alipaka, kwa uangalifu, bila kuvuka mstari. Kisha akachukua kalamu ya wino mzito mezani akainama chini ya karatasi, mahali penye nafasi. "Tuandike yale maneno?"

"Hapana. Andikeni majina yenu."

Waliandika, mmoja mmoja, R zote, kubwa na ndogo, zilizonyooka na zilizoinama. Ilichukua muda mrefu, na muuguzi alitazama saa yake mara mbili. Walipomaliza Jonalyn alimpa Mwalimu kalamu. Yeye akaishika, akatafuta mahali, akaandika la kwake mwisho kabisa, pembeni, kwa herufi ndogo.